Kwa nini behewa la TAZARA linaishia Kidatu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi nanunua mchele Ifakara na nina wateja Kigoma. Nimeambiwa mzigo wangu ukipanda behewa la TAZARA lazima ushushwe Kidatu, upakiwe upya kwenye behewa la TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, ndipo uende Kilosa na kuendelea na Reli ya Kati. Wanasema reli hizi mbili zimepishana upana kwa sentimita sita na kitu. Nani alikosea vipimo? Na kwa nini wasibadilishe magurudumu tu? – Msomaji, Ifakara.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hakuna aliyekosea. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067. Zile 67 zilikubaliwa kwa makusudi, na waliozikubali walijua gharama yake.

Reli ya mita moja waliileta Wajerumani upande wetu, kuanzia Tanga mwaka 1893, kisha Dar es Salaam mwaka 1905 hadi Kigoma mwaka 1914. Waingereza nao, waliokuwa wakijenga kutoka Mombasa, walitumia upana huohuo, ambao tayari ulikuwa umeenea India. Kusini mambo yalikuwa mengine. Koloni la Cape, huko Afrika Kusini, lilichagua futi tatu na inchi sita, yaani milimita 1,067, na upana huo ukapanda na reli za Rhodesia, ukavuka Maporomoko ya Viktoria mwaka 1905, ukafika Kabwe, ndani ya Zambia ya leo, mwaka 1906. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, reli yake ilikuwa ya aina hiyo na kwa sehemu kubwa ilitazama kusini.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakajitangazia uhuru wao. Shaba ya Zambia ikajikuta inapita mikononi mwa watu ambao Kaunda na Nyerere walikuwa wakipambana nao. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema reli ya kwenda Dar es Salaam hailipi. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikakabidhiwa.

Sasa tazama hapa. Wachina kwao wanatumia milimita 1,435. Sisi tulikuwa na 1,000. Ikajengwa 1,067, kwa sababu kazi ya kwanza ya reli hii ilikuwa kutoa shaba migodini na kuifikisha bandarini bila kushushwa njiani. Behewa lililopakiwa Zambia lilipaswa kuingia TAZARA pale Kapiri Mposhi na kuja moja kwa moja. Shida ya kuhamisha mizigo ikasukumwa upande wetu, na mimi bado naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ila anayeulipia leo ni mtu kama wewe, mwenye mzigo wa kutoka Kilombero kwenda magharibi.

Kuhusu magurudumu. Kila gurudumu la treni lina ukingo wa ndani unaoning'inia, mafundi tunauita flenji, ndio unaolizuia lisitoke njiani. Ukiliweka behewa la TAZARA kwenye reli ya mita moja, flenji ya upande mmoja itashuka mahali pake, ya pili itapanda juu ya reli. Ukifanya kinyume chake, behewa la TRC juu ya reli ya TAZARA, gurudumu moja litabaki limeshikilia ukingo kwa upana wa kidole. Kona ya kwanza tu, limezama.

Kubadilisha inawezekana. Mpakani mwa China na Mongolia wanainua behewa kwa jeki, wanatoa bogi zote mbili, yaani fremu za magurudumu zilizo chini yake, wanaingiza nyingine. Lakini inahitajika karakana, akiba kubwa ya bogi za aina zote mbili, na viungio na breki vinavyooana pande zote. Kwa mzigo mdogo unaopita Kidatu, gharama hiyo hairudi.

Wengine huniuliza: si waongeze reli ya tatu kwenye mataruma yaleyale? Kwa SGR, reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, na reli ya mita moja ingewezekana, maana zimepishana milimita 435. Hapa nafasi ni 67 tu, na kitako cha reli chenyewe ni kipana kuliko hapo. Hakikai.

Kwa hiyo miaka ya 1990 kikajengwa kituo cha kuhamishia mizigo pale Kidatu, ambako tawi la mita moja kutoka Kilosa kupitia Mikumi linakutana na TAZARA. Nimesimama pale nikaangalia magunia yakihama. Behewa huku, behewa kule, na katikati wachukuzi, gunia begani. Karani anaweka alama ya chaki kila magunia kumi. Gunia moja likachanika mshono, mchele ukamwagika katikati ya kokoto, na hakuna aliyeweza kuuokota wote.

Ndiyo maana nakushauri usipeleke magunia huru. Kama una mzigo wa kutosha, au mkiungana wafanyabiashara wawili watatu, ombeni kontena. Kontena linainuliwa mara moja likiwa na lakiri yake, hesabu ya Ifakara inabaki ileile hadi Kigoma. Kabla hujalipa, uliza mambo mawili ofisi zote mbili, TAZARA na TRC: je, kifaa cha kuinulia Kidatu kinafanya kazi wiki hiyo, na je, behewa la kupokea limeshapangwa upande wa pili? Usikubali jibu la ofisi moja. Mzigo uliofika Kidatu bila behewa la kuupokea unakaa juani na mvuani, na mchele haupendi unyevu.

Ukilazimika kutumia magunia, pima uzito wa jumla Ifakara, chukua karatasi ya mizani, na mtu wako awepo Kidatu wakati wa kuhesabu.