Viroboto wa Maji na Vimelea Vyao: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu waliteka maji katika kidimbwi kilicho nyuma ya shule, wakayatazama kwa hadubini na kukuta viroboto wa maji wengi. Baadhi yao walikuwa wakubwa kuliko wenzao, miili yao ilikuwa ya rangi ya kahawia, na mfuko wa mayai mgongoni ulikuwa mtupu. Je, hao ni wagonjwa? Na mwanafunzi aliyegusa maji hayo anaweza kudhurika?
*Mwalimu wa Baiolojia, Kasarani*

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana macho makali. Dalili hizo tatu zikikutana kwa mnyama mmoja, jambo la kwanza la kushuku ni bakteria aitwaye Pasteuria ramosa. Kiroboto wa maji, ambaye ni jamaa ya kamba na kaa, hula kwa kuchuja mwani kutoka majini, na katika kuchuja huko humeza pia spora za bakteria, yaani chembe zake ngumu za kuenezea ugonjwa, zilizotibuliwa kutoka kwenye tope. Spora hujibandika kwenye ukuta wa umio, bakteria hupenya hadi ndani ya mwili na kuzaana humo, na haupiti muda mrefu kabla ya mama huyo kuacha kabisa kutaga. Chakula ambacho kingetengeneza mayai hubaki mwilini mwake, na ndiyo sababu mgonjwa huwa mkubwa kuliko mzima wa umri wake. Kimelea hiki hakina haraka ya kuua, kwa kuwa kinamhitaji mwenyeji wake aishi majuma kadhaa ili kizaane vya kutosha, na spora hazitoki mpaka afe na mwili wake uoze. Mwili mmoja wa milimita chache unaweza kuacha mamilioni ya spora katika tope.

Hata hivyo, rangi peke yake isiwapotoshe. Maji yanapopungukiwa na oksijeni, kiroboto wa maji mzima hutengeneza himoglobini nyingi na kuwa mwekundu, lakini huyo hubaki mwangavu: moyo wake unaonekana ukidunda, utumbo wa kijani unaonekana ukipinda kufuata mwili, na mara nyingi mfuko wa mgongoni una mayai. Mgonjwa hupoteza uwazi huo. Ili kupata uhakika, mwekeni kwenye kioo cha hadubini, mbonyezeni taratibu kwa kifuniko, kisha mkuze mara 400. Vikionekana vishada vyenye umbo la koliflawa, au baadaye spora nyingi za mviringo, basi ni Pasteuria.

Mkiona badala yake vijiti vyembamba vyenye ncha kali vimejaa mwilini, hiyo ni aina ya hamira iitwayo Metschnikowia bicuspidata, ambayo spora zake hutoboa ukuta wa utumbo. Ningependa wanafunzi wako wazione, kwa sababu mwaka 1884 mwanasayansi Elie Metchnikoff, mzaliwa wa Milki ya Urusi, alieleza jinsi chembe za damu za kiroboto wa maji zinavyovizingira vijiti hivyo na kuvimeza. Uwazi wa mwili wa mnyama huyu ulimwezesha kuitazama vita hiyo ikiendelea ndani ya kiumbe hai. Uchunguzi wa namna hiyo ndio uliojenga elimu ya kinga ambayo tunaifundisha hadi leo tunapozungumzia chembe nyeupe za damu, na mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Paul Ehrlich.

Kuhusu usalama, vimelea hivi viwili havimwambukizi binadamu. Huenda wasiwasi wako umetokana na habari za mnyoo wa Guinea, ambao humwingia mtu kwa maji ya kunywa, lakini mnyoo huo hubebwa na mnyama mwingine, saiklopi, mwenye jicho moja, na jike lake hubeba vifuko viwili vya mayai kando ya mkia. Tena, Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kenya kuwa huru dhidi ya mnyoo huo mwaka 2018. Wanafunzi waendelee tu kuvaa glavu na kunawa mikono, kwa kuwa maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho.

SWALI: Nafuga tilapia na huwalisha vifaranga viroboto wa maji ninaowakuza katika tangi. Mara kwa mara viroboto hao hupungua ghafla. Je, vifaranga wakila walio wagonjwa watadhurika? Nikikausha tangi, ugonjwa utakwisha?
*Mfugaji, Ruai*

JIBU: Vifaranga wako hawatadhurika kwa vimelea nilivyovitaja. Kwanza hakikisha kwamba upungufu huo si wa njaa, kwa maana viroboto wa maji huongezeka upesi, humaliza mwani, kisha hufa kwa wingi hata pasipo ugonjwa.

Katika maziwa na mabwawa, samaki husaidia kupunguza maradhi: hutumia macho kuwinda, na mgonjwa aliyepoteza uwazi wake huonekana haraka zaidi, hivyo huliwa kabla hajasambaza spora nyingi. Lakini si kila mwindaji ana faida hiyo. Viluwiluwi vya Chaoborus, ambao ni miongoni mwa wadudu wanaopaa kwa makundi kama moshi juu ya Ziwa Victoria, humla mgonjwa na kutema mabaki yake, na pamoja na mabaki hayo spora za ile hamira hutawanyika majini, tayari kumezwa na wengine.

Kukausha tangi hakutoshi. Spora za Pasteuria hustahimili ukame na hukaa katika tope kwa miaka mingi. Ondoa tope lote, sugua tangi, kisha anza upya kwa viroboto uliowakagua.

SWALI: Tulifundishwa kwamba vimelea ni sababu mojawapo ya viumbe kuzaana kwa dume na jike. Mbona basi viroboto wa maji huzaa bila dume, na wale wa Naivasha wasio na dume waliwashinda wenye dume?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi*

JIBU: Swali lako linagusa kiini cha somo hili. Mazingira yakiwa mazuri, jike huzaa majike yanayofanana naye kijeni, kizazi baada ya kizazi. Msongamano ukizidi, chakula kikipungua au siku zikibadilika urefu, huzaliwa madume, na mayai yaliyorutubishwa huwekwa, kwa kawaida mawili mawili, ndani ya ganda gumu jeusi ambalo huzama topeni na kuweza kukaa humo miongo mingi kabla ya kuangua.

Kwa kuwa mayai hayo na spora za kimelea hulala katika tope lile lile, tabaka juu ya tabaka, mashapo huhifadhi historia ya pande zote mbili. Mwaka 2007 Ellen Decaestecker na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa mashapo ya kidimbwi kimoja nchini Ubelgiji. Waliangua mayai ya Daphnia magna (Daphnia ni jina la kisayansi la viroboto wa maji) kutoka katika tabaka mbalimbali, kisha wakawakutanisha wanyama hao na Pasteuria wa wakati wao, wa kabla yao na wa baada yao. Kwa wastani, kimelea cha wakati ule ule ndicho kilichoambukiza zaidi, maana kilikuwa kimekwisha kuzoea jeni zilizoenea wakati huo, na miaka michache baadaye jeni nyingine zilikuwa zimeshika nafasi. Msingi wake ni kwamba kuna koo za viroboto wa maji, yaani nasaba zenye jeni za aina moja, ambao spora haziwezi kabisa kujibandika kwenye umio wao. Ukoo unaoshambuliwa hupungua, ule sugu huenea, kisha kimelea nacho hubadilika; ndiyo maana husemwa kwamba kuzaana kwa dume na jike, kunakochanganya jeni upya, huwasaidia viumbe dhidi ya vimelea.

Naivasha ni habari nyingine, na kwa maoni yangu hatuitilii maanani inavyostahili, ingawa iko mwendo wa kilomita 90 tu kutoka Nairobi. Utafiti wa Joachim Mergeay na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulichunguza jeni za mayai yaliyolala katika mashapo ya ziwa hilo. Ulionyesha kwamba kloni moja kutoka Amerika, yaani ukoo wa viroboto wa maji wanaofanana kijeni, chotara asiyehitaji dume, iliingia ziwani, yumkini pamoja na samaki wa Kimarekani aina ya besi walioletwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika muda wa miaka 60 ikawa imechukua nafasi yote ya Daphnia pulex wa asili, waliokuwa wengi, wenye jeni anuwai na akiba kubwa ya mayai. Kisha kloni hiyo imeenea kote walikokuwa wakiishi Daphnia pulex wa asili barani Afrika.

Sioni kwamba hilo linaufuta ushahidi wa Ubelgiji. Vimelea humwadhibu aliyeenea pale tu vinapokuwa na jeni za kumwambukiza, na mgeni anayefika akiwa ameviacha vimelea vyake nyumbani anaweza kupata nafuu ya muda mrefu. Aidha, anayezaa bila dume hapotezi nusu ya watoto wake kwa madume. Maelezo haya ya nafuu ni dhana yangu, na inaweza kupimwa. Chukua wavu mwembamba, teka viroboto wa maji Naivasha na katika mabwawa ya kandokando ya Nairobi kila mwezi kwa mwaka mzima, uwahesabu wenye spora na wasio nazo, na uhifadhi wachache katika alkoholi kwa uchunguzi wa jeni. Kama dhana hii ni sahihi, wagonjwa watakuwa wachache mno miongoni mwa kloni hiyo ukilinganisha na spishi nyingine za Daphnia zinazoishi katika maji yale yale.