Chati ya ventileta: wadogo zangu, tuandike lugha moja

Wadogo zangu mnaoanza zamu ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), manesi na interni, nawapenda na najua mnavyochoka, ila chati za ventileta (mashine ya kupumulia) ninazozikuta asubuhi zinaniumiza. Kitanda kimoja, usiku mmoja, mmoja kaandika FiO2 (kiwango cha oksijeni kwenye hewa anayopewa mgonjwa) 0.5, mwingine 50%, wa tatu kachora mshale kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, eti kama hapo juu. Jamani mshale sio kipimo! Hata kama hujagusa kitufe, mapafu ya mgonjwa yanabadilika.

1. Ulichoseti kiwe mbali na anachofanya mgonjwa. Reti (pumzi kwa dakika) umeseti 14, yeye anapumua 28, wewe unaandika 14 unaenda zako, mgonjwa anahangaika na kwenye chati anaonekana katulia kabisa. Safu mbili. Fomu haina? Gawa kwa rula.

2. Urefu upimwe kwa tepu siku ya kwanza na uandikwe juu kabisa ya chati, kwa sababu mapafu hayanenepi pamoja na mwili. Mama wa sm 155: chukua 155 toa 152.4, zidisha 0.91, jumlisha 45.5 (mwanaume ni 50), unapata kama kilo 48, ndio uzito wa kukadiria mapafu yake. Kwa 6 ml kwa kilo, Vt (ujazo wa pumzi moja) ni kama ml 290. Sasa mama huyohuyo mzani unasoma 90, ukipiga kwa hiyo 90 unampa 540, ambayo ni zaidi ya 11 kwa kilo ya mapafu yake. Wale watafiti wa ARDSNet (wa wagonjwa wenye mapafu yaliyoumia vibaya) walionyesha mwaka 2000: waliopewa 12 ml kwa kilo walikufa karibu asilimia 40, waliopewa 6 asilimia 31. Kwa hiyo usiniandikie 290 peke yake, andika na ml kwa kilo pembeni.

3. Presha. Hapa naomba mtulie mnisikilize. Kuna hospitali niliwahi kufanya kazi, tulikuwa na kijana wa nimonia, chati inasema PC (presha ya kusukuma pumzi ndani) 18, PEEP (presha inayobaki kwenye mapafu akishatoa pumzi) 8. Mashine yake ilihesabu ile 18 juu ya PEEP, maana yake juu kabisa inafika 26. Usiku ikaanza kusumbua, tukamhamishia ya akiba, ya kampuni nyingine, na ile presha unayoiseti ni jumla, PEEP imo humohumo. Tukaweka 18 na 8, namba zinafanana na chati, tukaridhika. Kumbe msukumo umebaki 10. Vt ikashuka kutoka kama 400 mpaka kama 220, na alamu ya Vt ya chini ilikuwa imeachwa ilivyosetiwa kwa mgonjwa aliyetangulia, haikulia. Kijana alikuwa kwenye dawa ya kulegeza misuli hivyo hakuweza hata kupumua haraka kutuonyesha, na saturesheni ilikaa vizuri kwa sababu oksijeni tulimpa nyingi, si unajua oksijeni inavyoficha CO2. ABG (kipimo cha gesi kwenye damu) inarudi, CO2 iko juu sana, pH imeporomoka. Tukasakshen (tukavuta makohozi), tukasikiliza kifua, tukabishana kama tyubu ya kupumulia imeziba, mpaka sista mmoja mkubwa akashika chati akauliza, "Hii 18 ni juu ya PEEP au ni jumla?" Hakuna aliyejibu, aliyeandika alishatoka zamu. Kijana alipona, namshukuru Mungu, lakini alikaa kwenye mashine siku ambazo hakupaswa kukaa, mama yake yuko kwenye benchi nje anatuuliza kwa nini mtoto amerudi nyuma. Hakuna aliyekuwa mzembe usiku ule, wote tulifuata kilichoandikwa, na ndiyo maana hili naling'ang'ania. Andika: PC 18 juu ya PEEP 8, jumla 26. Maneno machache tu.

4. Modi (namna mashine inavyompa pumzi) pia hivyohivyo. BIPAP, modi ya mashine za kampuni ya Dräger, sio BiPAP ile ya maski. Andika jina la kwenye skrini, halafu sema ni volyumu au presha.

5. ABG iandikwe na setingi za muda ule damu inachotwa. PaO2 (oksijeni kwenye damu ya ateri) 80 kwenye FiO2 ya asilimia 40 ni P/F (PaO2 gawa kwa FiO2) 200, kwenye asilimia 80 ni 100, wagonjwa wawili tofauti kabisa.

6. Tyubu ni sm ngapi mdomoni, presha ya kafu, lile puto la tyubu (20 hadi 30), plato (presha ya mapafu hewa ikitulia ndani), mipaka ya alamu. Kila zamu.

Mpangilio uwe mmoja kwa wote: modi, Vt au presha, reti, PEEP, FiO2 kwa asilimia, halafu vilivyopimwa. Kila saa, na kila ukigusa kitufe, na ukigusa andika saa, jina lako na kwa nini. Wakati wa kukabidhiana anayetoka asome chati kwa sauti, anayeingia aangalie skrini, namba zikipishana hakuna wa kuondoka kitandani mpaka ijulikane ipi ni ya kweli.