Maswali ya Wasomaji: Mtindi wa Kigiriki Wenye Ladha Ni Chakula au Kitindamlo?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila asubuhi ninakula kikopo cha gramu 150 cha mtindi wa Kigiriki wenye ladha ya stroberi, kwa kuwa nilisikia kwamba una protini nyingi na unashibisha. Mwenzangu kazini anasema ninajidanganya, kwani lebo inaonyesha gramu 17 za sukari, na kwake hicho ni kitindamlo tu. Nani kati yetu anasema kweli?

JIBU: Mwenzako ameisoma tarakimu vizuri, ila ameichukulia yote kuwa sukari iliyotiwa kiwandani, na sivyo. Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi, ambayo kwenye lebo hujumlishwa pamoja na ile iliyoongezwa. Ukitaka kuzitenganisha, tafuta mtindi usio na ladha wa kampuni ileile na wenye kiwango kilekile cha mafuta, usome sukari yake, kisha uitoe kwenye sukari ya ule unaokula. Mtindi wa Kigiriki usiotiwa chochote huwa na takriban gramu 4 za sukari katika kila gramu 100, yaani gramu 6 kwa kikopo cha ukubwa wa chako. Kwa hiyo katika zile 17 zinabaki gramu 11 hivi, ambazo sehemu ndogo yake imetoka kwenye tunda na nyingine yote ni ya kuongezwa. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana rojo la matunda limechukua nafasi ya sehemu ya mtindi na kupunguza laktosi kidogo, lakini inatosha kwa mtu aliyesimama mbele ya jokofu la dukani akitafuta cha kununua. Nchini Marekani huhitaji hata kutoa, kwa sababu lebo za huko zina mstari wake wa sukari iliyoongezwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya utakuta jumla peke yake.

Gramu 11 ni karibu vijiko vitatu vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na sukari ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unasema kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, viwango hivyo ni gramu 50 na gramu 25. Kikopo chako, basi, kinakaribia nusu ya kile kiwango kidogo kabla hujatia sukari kwenye chai. Laktosi ya maziwa haimo katika hesabu hiyo.

Upande wa protini, wewe ndiye uliye sahihi. Mtindi wa Kigiriki ni mtindi uliochujwa hadi maji yake mengi yakatoka, na ndiyo maana kutengeneza kilo moja huhitaji lita tatu hadi nne za maziwa. Usiotiwa ladha huwa na gramu 9 au 10 za protini katika gramu 100, ilhali mtindi wa kawaida huwa na gramu 3.5 hadi 5. Ladha inapoingia, protini hushuka kidogo kwa sababu ileile niliyoitaja ya rojo kuchukua nafasi, hivyo usishangae kukuta gramu 8 au pungufu. Hata hivyo, kikopo chenye gramu 12 za protini kinalingana na mayai mawili, na kitindamlo cha kawaida hakifiki huko. Humo mna pia vitamini B12 na fosforasi kwa kiasi kizuri. Kalsiamu imo, lakini sehemu yake huondoka na yale maji yanayochujwa, na kwa hiyo mtindi wa kawaida mara nyingi huushinda ule wa Kigiriki kwa madini hayo, jambo ambalo matangazo hayana haraka ya kulitaja.

Kinachokosekana ni nyuzinyuzi, ambazo ni chache mno, na madini ya chuma. Picha ya matunda kwenye kifuniko isikupoteze: soma orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, uone kama sukari imetangulia tunda. Orodha hiyohiyo itakuonyesha kama mtindi umechujwa kweli au umefanywa mzito kwa wanga, pektini au gelatini, kama ilivyo kwa baadhi ya ile inayouzwa kuwa ni ya "mtindo wa Kigiriki". Huko Uingereza suala la jina lilifika mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba jina "mtindi wa Kigiriki" lisitumike kwa bidhaa iliyotengenezwa nje ya Ugiriki. Gelatini hutokana na wanyama, na rangi nyekundu iitwayo karmini, au E120, hutokana na wadudu. Anayechunga halali au asiyekula nyama ana sababu ya kusoma hadi mwisho.

SWALI: Maziwa hunijaza gesi na kuniumiza tumbo. Je, mtindi huu utanifaa?

JIBU: Ikiwa tatizo ni laktosi, huenda ukauvumilia vizuri kuliko maziwa, kwa kuwa bakteria wa mtindi wameshaitumia sehemu yake na nyingine imetoka na maji. Anza na kiasi kidogo. Mwenye mzio wa protini ya maziwa asiuguse kabisa.

SWALI: Mwanangu ana miezi kumi na anaupenda sana mtindi wa vanila ninaokula mimi. Nimwachie?

JIBU: Mpe mtindi, ila usiwe huo. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa miaka 2020 hadi 2025 ulishauri mtoto asipewe sukari ya kuongezwa kabla hajatimiza miaka miwili, na ladha anayoizoea sasa ndiyo atakayoidai baadaye. Mnunulie usio na ladha, uliotengenezwa kwa maziwa yasiyoondolewa mafuta, umpondee ndani yake tunda lililoiva. Asali usimtilie kabla hajafikisha mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha sumu hatari ya botulizimu kwa watoto wachanga.

SWALI: Nimeona mitindi ya Kigiriki yenye ladha iliyoandikwa "bila sukari". Nihamie huko nipunguze uzito?

JIBU: Mitindi hiyo hutiwa viongeza utamu kama sukralosi au stevia, na kalori zake huwa chache kweli. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri viongeza utamu hivyo visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri ambao hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mimi ningependelea njia nyingine: nunua kikopo cha ladha uipendayo na kingine kisicho na ladha, uvichanganye nusu kwa nusu. Sukari iliyoongezwa inapungua kwa nusu hapohapo, protini inapanda, na ladha bado inasikika. Ulimi ukishazoea, baada ya wiki kadhaa punguza kile chenye ladha hadi kijiko kimoja au viwili juu ya bakuli.