Barua kwa mwanangu: habari ya mama yako mdogo

Mwanangu,

Umeniuliza kama umsaidie mama yako mdogo kuandika barua ya kuilalamikia shule kwa mkurugenzi wa halmashauri, au umwambie apumzike maana umri umekwenda na magoti yanamsumbua. Magoti yake yanamsumbua tangu zamani, na hayajawahi kumzuia.

Mwaka ule nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule hapa Uyole. Mtoto wa jirani aliletwa kwetu jioni, vidole vimevimba hata kikombe cha uji hawezi kukishika. Mama mdogo akamnywesha kwa kijiko. Asubuhi akampeleka polisi, dawati la jinsia na watoto, akachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kisha akaja kikaoni na nakala ya Waraka wa Elimu Namba 24 wa mwaka 2002. Akatusomea: fimbo zisizidi nne, achape mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, kila adhabu iandikwe kitabuni. "Naomba nikione hicho kitabu."

Kililetwa baada ya siku tatu. Kaunta buku mpya, bado inanuka gundi, adhabu za miaka miwili zote kwa kalamu moja. Mama mdogo akapitisha kidole ukurasa wa mwisho, wino ukamfuata kidoleni. Hakusema neno. Akanitazama.

Nikatia sahihi kwamba kitabu kimeonekana.

Siku zote nimewaambia mtoto hulindwa na maandishi. Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, namba 116 ya simu ya kusaidia watoto inapigwa bure, na mwenye ofisi haulizwi mpaka kuna karatasi mezani. Bado nasema hivyo: hulindwa na maandishi. Lakini siku ile maandishi yalikuwa mbele yangu, ya uongo, na sahihi ni yangu. Nilijitetea kwamba wewe na mdogo wako mlikuwa mnasoma pale pale. Kweli mlikuwa mnasoma pale. Na yule naye alikuwa anasoma pale.

Mama mdogo hajawahi kunisema. Afadhali angenisema.

Kuhusu barua, uamuzi ni wako, wewe ni mtu mzima. Sikusukumi. Ingawa ningekuwa mimi... basi, niishie hapo.

Ule waraka aliuacha mezani siku ile, nikauchukua. Umo sandukuni pamoja na vyeti vyenu, na yeye hajui. Kesho nakutumia kwa basi la asubuhi.

Baba yako