Kabla hujanunua dawa ya mwani, tazama dirisha lako

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga gapi, wale samaki wadogo wa tangini, kila Jumamosi nilikuwa napangusa kioo kwa sponji. Jumatano kimeshavaa kijani tena, yaani mwani. Tangi ni la lita 80, lina mchanga na mimea, nami nililiweka sebuleni kando ya dirisha la mashariki maana ndipo lilipopendeza. Jua la asubuhi likawa linalipiga, na juu yake taa niliiwasha nikiamka, nikaizima tukienda kulala. Mwani ungetaka nini zaidi?

Nililihamishia ukuta wa ndani. (Punguza maji kwanza, ndugu yangu. Lita 80 ni kilo 80 kabla hujahesabu kioo na mchanga, na tangi likibebwa limejaa linaweza kupasuka kwenye kona.) Taa sasa inawaka kwa muda wa saa 7 tu, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku, ili nikitoka kazini nifaidi. Nimeifunga kwenye taima ya kuzungusha, ile ya bei rahisi. Ubaya wake, umeme ukikatika nayo inasimama, kwa hiyo kila baada ya mgao uirekebishe. La sivyo utaamka saa nane usiku ukute sebule inang'aa.

Mwanga peke yake haukuwa kesi yote. Nyumbani kwangu kila mtoto alikuwa analisha samaki, na kila mmoja akiapa kwamba mwenzake hajalisha. Chakula kinachobaki kinaoza, kinaacha naitreti na fosfeti, yaani mbolea. Ziwa Victoria nalo linageuka kijani kwa njia hiyohiyo, ila kule ni majitaka na mbolea za mashambani. Kopo nikalificha. Sasa wanakula mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na kila wiki nanyonya uchafu wa mchangani kwa mpira na kubadilisha theluthi ya maji. Ya bomba nayaacha kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke.

Kwenye mimea nilikosea pia: nilinunua Anubias watupu, wazuri lakini wavivu kukua, majani yao yakageuka shamba la mwani. Anza na inayokua haraka. Ceratophyllum haina hata mizizi, unaiachia tu ielee, nayo inakula mbolea ile kabla mwani haujaifikia.

Dawa? Niliuziwa chupa moja, kioo kikatakata kwa siku mbili. Ilikuwa na shaba, konokono wangu wote wakafa, na mwani ukarudi mwezi haujaisha.

Tangi likiwa jipya ukaona vumbi la kahawia, tulia, mara nyingi hupotea lenyewe baada ya wiki kadhaa. Utando wa bluu-kijani unaonuka na kubanduka kama ngozi ni bakteria: unyonye, kisha funika tangi siku tatu lisipate mwanga.

Kioo cha nyuma siku hizi sikigusi. Konokono wapya wanachunga huko, na gapi nao hupita wakidonoa.