Maumivu yaliyokuwa yakihamahama

Binti yangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama ugonjwa wa moyo uliomwondoa shangazi yako umo kwenye damu yetu, maana mjukuu wangu koo halimwachi. Nikakujibu "hapana", kisha nikakimbilia habari za mvua. Swali lako lilistahili zaidi ya hapo.

Yalianzia kooni. Shangazi yako alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na mitatu, tukilala watoto sita chumba kimoja pale Walukuba, Jinja. Akaugua koo, mama akamsukutulisha maji ya chumvi, likapoa. Wiki tatu baadaye goti likavimba. Kesho kutwa goti zima, kifundo cha mguu ndicho kinachouma. Nilimcheka: maumivu gani haya yanayohamahama, si anakwepa tu kuchota maji! Kumbe kuhama huko ndiyo alama ya homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili iliyoamka kupigana na bakteria wa kooni hugeuka ikashambulia viungo na moyo. Viungo vyake vilipona. Vali za moyo, yaani milango yake ya damu, zikabaki na makovu.

Hakulalamika tena hadi mimba ya kwanza. Mimba huongeza damu mwilini, na moyo wake haukuimudu. Akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, akikohoa mpaka alfajiri. Zahanati moja ikamtibu pumu miezi miwili (hilo bado linanikera). Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiko walikompima moyo kwa ultrasaundi. Daktari alinionyesha kwenye skrini vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto: inaachama kidogo tu, kama mdomo wa samaki ngege aliyetolewa ziwani, damu inarudi kujaa mapafuni. Baadaye akawekewa vali bandia, na warfarin kila siku ili damu isigande. Hata mboga ya dodo (mchicha) aliambiwa ale kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu mboga za majani huipunguza nguvu dawa hiyo. Mengine unayajua, ulikuwepo msibani.

Sasa jibu. Mtu harithi ugonjwa huu, ingawa kuna familia ambazo miili yao hudhurika upesi kuliko ya wengine. Kinachopita kati ya watu ni bakteria, hasa wanapolala wamebanana. Koo likimuuma mtoto pamoja na homa na kuvimba tezi za shingoni, bila mafua wala kikohozi, mpeleke apimwe. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 huzuia homa ile. Akipewa vidonge vya siku 10, avimalize hata akiwa anacheza mpira.

Na kiungo kikivimba, dai ultrasaundi ya moyo. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walichunguza watoto wenye dalili za mwanzo kwenye vali: kati ya karibu 400 waliodungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, 3 tu walizidiwa, kati ya idadi kama hiyo wasiodungwa, 33.

Sindano yenyewe inauma, paja zima linakufa ganzi. Nakuja Ijumaa. Akisema goti linamuuma, usimcheke. Foleni ya kliniki nitakaa naye mimi.

Baba yako