Kurasa 84 za perege

Jana binti mmoja anayesoma mambo ya uvuvi kaniandikia: "Kaka, nifanyeje tasnifu yangu isiishie kabatini?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Yangu iliishia huko huko.

Nilipima perege pale Bwawa la Mtera, mmoja mmoja, urefu na uzito, wavuvi wakiniita "fundi cherehani". Miezi ile siisimulii, vumbi tupu. Nikarudi Dodoma na kurasa 84 zilizojaa grafu, nikazipeleka ofisi moja. Mzee wa watu akazipekua, akavua miwani: "Sasa kijana, unataka tuzuie nini, na mwezi gani?" Sikuwa na jibu. Kurasa 84! Nilitoka nimelowa jasho kama niliyekuwa navuta kokoro. Hadi leo nikipita jirani na jengo lile nageuza uso.

Basi mdogo wangu, la kwanza: anayetunga kanuni anatafuta namba ya kuandika. Tazama sangara wa Ziwa Victoria, kanuni yetu ilipata kusema: chini ya sentimita 50 marufuku, juu ya 85 marufuku. Mdogo hajazaa, mkubwa ndiye mwenye mayai mengi. Utafiti wote uliingia kwenye namba mbili. Ziwa Tanganyika lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tarehe mbili tu. Kule pwani hufunga miamba ya pweza kwa miezi michache, maana pweza hukua upesi, na siku ya kufungua mvuvi anaiona faida kwenye mizani. Grafu ya nini tena?

La pili: andika kifupi. Nilirudi Mtera, safari hii nikawauliza wavuvi kwanza. Mzee mmoja akampanua mdomo perege jike, maana huatamia mayai humo, yakamwagika kiganjani. "Huyu ukimvua, umevua na wanawe." Maneno hayo nikayaweka juu ya ukurasa mmoja, chini yake ramani ya hori, ile ghuba ndogo wanakozalia, na miezi niliyowakuta na mayai. BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, wakausoma kikaoni, wakabishana mpaka jua likazama, wakakubali kulipumzisha hori lile. Ndiyo, najisifu. Nimesubiri miaka.

Nyie vijana kazi kulalamika kwamba wakubwa hawasomi. Mmewaandikia kinachosomeka? Acheni kujificha nyuma ya maneno mazito. Andikeni kifupi. Nimeshasema, narudia.

Binti, nitumie huo ukurasa mmoja. Ukiongeza wa pili siufungui.